Silinda ya Tano

Evode alikuwa fundi wa ndege ndogo kwa miaka thelathini na mmoja, kwanza ng'ambo ya mpaka, Goma, kisha Gisenyi baada ya kurudi nyumbani na mkewe. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona mtu akiingia katika banda la ndege na kifaa alichokinunua kwa muuza makava ya simu. Kwa hiyo Jumatatu ile asubuhi, msaidizi wake Cansilde alipotoa kwenye mfuko wa karatasi waya mweusi mwembamba wenye kichwa kidogo cha kung'aa, Evode aliweka kikombe chake cha chai juu ya meza ya vifaa, akakunja mikono kifuani.

"Hii njo nini?"

"Kamera, Muzee. Unachomeka kwa simu, unaingiza kichwa yake ndani ya tundu, unaona kila kitu."

"Umeitoa wapi?"

"Kwa Hamdani, pale karibu na musikiti."

"Hamdani wa chaja?"

"Yeye huyo."

"Na nani mwingine ananunuaka hii kitu kwake?"

Cansilde alisita. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Mafundi bomba," alisema. "Wanaangalia ndani ya mabomba."

"Mabomba ya nini?"

"Ya choo, Muzee."

Evode alicheka mpaka akashika meza. "Yampaye inka! Kamera ya choo ndani ya injini yangu!" Cansilde naye akacheka, maana kicheko cha mzee yule kilikuwa cha kuambukiza. Lakini waya hakuurudisha mfukoni.

Ndege yenyewe ilikuwa moja tu, ya viti sita na injini moja, mali ya kampuni ndogo iliyorusha watalii juu ya ziwa na kuwazungusha karibu na volkano. Kila ilipomaliza saa mia angani iliingizwa bandani, ikavuliwa vifuniko na kukaguliwa kuanzia pua hadi mkia. Cansilde, mwenye miaka ishirini na tisa, aliyesomea ufundi Nairobi, ndiye aliyefungua na kufunga. Evode ndiye aliyekuwa na leseni ya kutia saini, na bila saini yake ndege haikuruka. Safari hii kulikuwa na haraka kidogo, kwa sababu rubani, Kayitare, alikuwa amewaahidi wageni wanne kwamba Alhamisi angewapeleka kuipiga picha volkano.

Asubuhi hiyo walikuwa wamejaza hewa katika kila silinda ya injini, moja baada ya nyingine, kuona kama inaishika. Kati ya sita, tano ziliishika vizuri. Ile ya tano kwa hesabu, upande wa kulia, iliivujisha kidogo. Evode aliweka sikio kwenye bomba la moshi na kusikia mlio mwembamba, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Hewa ilikuwa inatoroka kupitia valvu ya moshi, kile kifuniko cha chuma kinachofungua na kufunga njia ya moshi maelfu ya mara kwa kila safari.

"Inavuja, lakini kitabu kinakubali," alisema. "Kiwango chake hakijafika pabaya."

"Kitabu kinasema tena tuangalie ndani, Muzee."

"Bon. Tuangalie."

Akachukua tochi yake na kioo chake kidogo cha mpini mrefu, akainama kwenye tundu la plagi, akafumba jicho moja. Aliona mwanga, na nyuma ya mwanga akaona ukungu. Akageuza kioo huku na huku, akaona ukungu wa upande mwingine.

"Iko sawa," akasema, akasimama wima.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Evode hakumwambia mtu yeyote. Alikuwa bado anaweza kusimama mlangoni pa banda na kumtambua mwendesha pikipiki aliye mwisho wa uwanja, na siku ya anga safi angeweza kukuhesabia ng'ombe kwenye vilima vya upande wa Rugerero. Lakini vitu vya karibu vilikuwa vimemkimbia. Kwa miaka miwili sasa, maandishi kwenye kichwa cha bolti yalikuwa yamegeuka vumbi, na kurasa za kitabu cha ufundi zilikuwa kijivu kitupu. Vidole vyake vilikuwa bado vinajua kila uzi wa kila skrubu, na kila siku alijiambia kwamba vidole vinatosha.

Cansilde alikuwa ameshachomeka kamera kwenye simu yake. Aliuteremsha waya taratibu kwenye tundu la silinda ya tano, akautazama uso wa simu kwa muda mrefu, kisha akamsogezea.

"Ona hapa, Muzee. Huku pembeni ya valvu."

Simu ilikuwa ndogo, kioo chake kimepasuka, na jua la mlangoni lilikuwa likiimulika. Evode aliitazama. "Mi naona ukungu."

"Hapana, angalia hapa, hapa kwa kidole yangu..."

"Cansilde! Nimesema naona ukungu. Kamera ya choo itakuonyesha mambo ya choo. Injini mi naifahamu tangu mama yako anakubeba mugongoni."

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Cansilde alitoa waya, akaufuta kwa kitambaa safi, akaandika kitu kwenye daftari lake dogo. Utulivu ule ulimchoma Evode kuliko ambavyo jibu lolote lingemchoma. Akatundika ovaroli, akasema anaenda kula, akatoka.

Hakwenda kula. Alipanda pikipiki hadi mjini, na dereva alipouliza wapi, Evode akajikuta anasema, "Kwa Hamdani wa chaja."

Duka la Hamdani lilikuwa limegawanywa nusu kwa nusu. Upande mmoja yeye aliuza vifaa vya simu; upande wa pili mama yake, mwanamke mnene mwenye kilemba cha zambarau, alishona sare za shule kwenye cherehani. Baba yake na babu yake walikuwa wamefanya biashara katika chumba hichohicho, na Hamdani alikuwa na sauti ya mtu ambaye hakuna mteja amewahi kumkimbia.

"Muzee Evode! Karibu, karibu! Ile kamera imeona ndege?"

"Kamera yako iko ya uongo," alisema Evode bila kuketi. "Inaonyesha ukungu tu."

Hamdani hakukasirika hata kidogo. Alivuta kiti, akafungua kijisanduku kipya, akatoa kamera kama ile ya Cansilde na kuichomeka kwenye tableti kubwa aliyokuwa akionyeshea wateja wake mechi za mpira. "Kaa, Muzee. Tuijaribu wapi?"

"Ijaribu hapa!" mama yake alidakia kutoka upande wa pili. "Hii cherehani inakata uzi tangu asubuhi. Nimeshaenda kugombana na yule mwenye kuniuzia uzi. Nimemutukana, masikini."

Hamdani aliinua kibati cha chini ya sindano, akaingiza kichwa cha kamera kwenye kijinafasi kisichozidi upana wa kidole. Tableti ikajaa picha. Vilionekana vyuma vya cherehani vikubwa kama sahani, pamba zilizogandamana kwa mafuta, na katikati yake, kimesimama wima, kipande cha ncha ya sindano kilichovunjika.

"Allah!" mama Hamdani alipiga makofi. "Sindano ya juzi! Na mimi nimelaumu uzi wa watu!"

Wote wawili waliangua kicheko, na mteja aliyekuwa akisubiri kava akasogea kutazama. Evode hakucheka. Alikuwa anasoma. Ubavuni mwa chuma kimoja cha cherehani kulikuwa na namba zilizochongwa, ndogo sana, na bila kujua anafanya nini alizitamka kwa sauti: "Sita, sita, mbili, nane, B."

"Kuna namba?" Hamdani alishangaa. "Miaka yote hii mi sijawahi kuziona."

Evode naye hakuwa ameona namba ndogo kiasi hicho kwa miaka miwili. Zilisimama pale kwenye kioo cha tableti, nyeusi, safi, kila moja na kingo zake. Alizisoma tena, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ndipo jambo lenyewe lilipomfikia. Ule ukungu wa asubuhi haukuwa wa kamera. Wala haukuwa wa kioo chake cha mpini mrefu. Naye alikuwa amesema, mbele ya msichana mwenye daftari, kwamba iko sawa.

"Muzee? Kuna shida?"

"Shida iko," alisema Evode polepole. "Lakini si ya kamera. Nifundishe vile inafanya kazi."

Hamdani alimfundisha. Kichwa kilikuwa na macho mawili, moja la kutazama mbele na lingine la kutazama ubavuni, na kitufe kimoja kilibadilisha jicho. Kikisogezwa karibu mno, picha ilififia. Ilibidi kukiacha mbali kama upana wa vidole viwili au vitatu. "Na rangi zake usiziamini sana," Hamdani aliongeza. "Taa yake iko nyeupe kupita kiasi. Juzi fundi mumoja alikuja hapa mbio, anasema ameona bomba limekuwa kijani. Kumbe iko bomba ya kawaida tu."

Kisha akamwekea kiganjani vijinyongeza vya bure vinavyovishwa kwenye kichwa cha kamera: kindoano, kisumaku na kioo kidogo. Evode alivirudisha mezani.

"Hivi hapana. Kimoja kikianguka ndani ya silinda, tutafungua injini nzima kwa ajili ya zawadi yako. Na Cansilde, ulimupa hivi?"

"Alivikataa. Alisema vilevile."

Evode akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke bandani.

Alipofika bandani, alimkuta Cansilde anasugua plagi kwa brashi, mgongo ameupa mlango. Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Yote yakapotea.

"Cansilde. Muombe Kayitare tableti yake."

Akageuka, akamtazama, akaweka brashi chini na kwenda. Baada ya dakika kumi Kayitare mwenyewe aliingia na tableti kwapani. Alikuwa amekulia Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kama shati lake jeupe. "Shikamoo, Mzee. Nimeambiwa leo tunatazama sinema humu."

"Marahaba. Funga huo mlango, jua linatuharibia."

Waliisimamisha tableti juu ya sanduku la vifaa, kwenye kivuli. Evode alihakikisha umeme wa injini umezimwa na plagi zote za juu zimetolewa, kisha akaizungusha propela kwa mkono, taratibu, mpaka pistoni ikashuka na valvu ikafunguka kidogo. Cansilde alishika waya.

"Niende moja kwa moja kwa ya tano?"

"Hapana. Anza na ya kwanza. Hii kamera rangi zake ni za kubahatisha. Lakini kama inasema uongo, itasema uongo uleule kwa zote sita. Ile itakayotofautiana na wenzake, hiyo njo tunaitafuta."

Cansilde alimtazama kwa jicho la pembeni. Hilo hakuwa amelifikiria.

Silinda ya kwanza ikatokea kwenye kioo. Evode alisogea, akasogea tena, halafu akagundua kwamba hahitaji kusogea. Uso wa valvu ulikuwa pale, mviringo mkubwa kama kikaango, na juu yake duara ndani ya duara, katikati nyekundu ya tofali, pembeni kijivu, zimejipanga sawasawa. Maishani mwake alikuwa ameshika mamia ya valvu mkononi, zimetolewa, zimeoshwa, zimekufa. Hakuwahi kuitazama moja ikiwa kwake, mahali inapofanyia kazi.

"Muzuri," alisema kwa sauti ya chini. "Muzuri sana. Geuza jicho la ubavuni. Sasa twende ya pili."

Ya pili ilikuwa sawa na ya kwanza. Ya tatu na ya nne pia. Walipofika ya tano, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Yale maduara yalikuwa yamehama katikati, yameegemea upande mmoja, na kwenye ukingo wa upande huo palikuwa na doa lililopauka, kama mwezi mchanga. Hapo palipopauka, ukingo wa chuma ulikuwa umekuwa mwembamba. Waliendelea na ya sita, ikawa sawa na wenzake. Wakarudi ya tano. Doa lilikuwa palepale.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Kayitare, na sauti yake haikuwa ya sinema tena.

"Hapa haifungi vizuri," alisema Evode. "Inaacha nafasi nyembamba kama unywele. Moto unapita hapo, kila mara, unakula chuma kidogo kidogo. Leo kipimo bado kinakubali. Baada ya saa ishirini, au thelathini, au hamsini, kipande kinakatika."

"Tukiwa juu ya ziwa."

"Inaweza kuwa juu ya ziwa."

Kayitare alipangusa mikono yake kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu. Kisha akatoa simu. "Ngoja niwapigie wale wageni. Volkano wataipiga picha kutoka kwenye boti. Haihami." Akatoka nje, wakamsikia akianza kwa kicheko na kuomba radhi.

Cansilde alibaki ameshika waya. Evode akanyoosha mkono. "Asubuhi uliandika nini kwa daftari?"

Akampa. Evode akalifungua, akalisogeza mbali, akalisogeza mbali zaidi mpaka mkono ukaisha. Akamrudishia. "Nisomee."

"Nimeandika: silinda ya tano, ukingo mwembamba upande mmoja, nimuulize Muzee tena akishakula."

Evode alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Cansilde, asubuhi mi sikuona kitu. Wala kwa kamera, wala kwa kioo changu. Macho yangu ya karibu yameisha. Miaka miwili sasa."

"Najua, Muzee."

"Unajua?"

"Sote tunajua. Mwezi uliopita ulitia saini kwa kitambaa cha meza, si kwa kitabu."

"Na mimi," alisema Kayitare, ambaye alikuwa amerudi mlangoni, "nikiwa karibu yako unaniita Jean de Dieu. Nikienda mbali ndiyo unanijua." Jean de Dieu alikuwa mlinzi wa geti, mfupi kuliko Kayitare kwa kichwa kizima.

Evode hakujua kama acheke au alie, na uso wake ukajaribu vyote viwili. "Kwa nini hamukuniambia? Hii ni ndege. Watu wanaipanda!"

Cansilde aliweka waya chini kwa uangalifu. "Nilikuwa narudia nyuma yako, Muzee. Kila bolti, kila waya, kila bomba. Ukienda nyumbani mi nabaki, napita tena. Hakuna siku nimeacha. Lakini ndani ya silinda sikuwa na njia. Kioo kile mi pia sioni nacho vizuri. Kila ukisema 'iko sawa', pale tu njo moyo wangu ulikuwa unagonga. Donc nikanunua kamera."

Nje ndege wa ziwani walikuwa wakigombania kitu juu ya mabati. Evode aliwaza juu ya miaka miwili ya jioni ambazo msichana huyu alibaki nyuma na tochi, akifuata nyayo zake, na asubuhi yake kumwamkia kana kwamba hakuna kitu. Aliona aibu, aibu ya kweli, na pembeni ya aibu kitu kingine kilichofanana sana na fahari.

"Kuanzia leo," alisema, "mi sitii saini kitu ambacho sijakisoma mwenyewe. Na kesho naenda kwa daktari wa macho. Ukiniona bado hapa saa nne, nifukuze."

"Nitakufukuza kweli, Muzee."

Alimfukuza kweli, kwa sababu kesho yake saa nne na robo Evode alikuwa bado anatafuta kisingizio. Daktari alimwekea vioo vya kila namna puani, akamsomesha herufi, akamwambia kwamba macho yake hayakuwa na ugonjwa wowote, yalikuwa na umri tu, na kwamba angekuja miaka miwili kabla angepona siku hiyohiyo. Aliporudi nyumbani na miwani, mkewe alimtazama, akashika kiuno. Kwa miaka miwili alikuwa amemsomea Biblia kila jioni akidhani mume wake amepata mapenzi mapya kwake. "Endelea tu kusoma," Evode alimwambia. "Sauti yako haijaharibika." Akapigwa kofi la bega.

Waliifungua silinda ya tano pamoja. Valvu ilipotoka, Evode aliishika kwanza akiwa amefumba macho, akapitisha kidole ukingoni mpaka kikakwama kwenye pengo, kisha akavaa miwani na kulitazama. Vidole na macho vikakubaliana. Akampa Cansilde. Cansilde akaipiga picha, akaiweka kando ya ile ya kamera, na ilikuwa ileile, mwezi wake na wembamba wake.

Silinda mpya ilichukua siku tisa kufika. Walipoifunga, injini ikawaka kwa mara ya kwanza bila kubembelezwa, na Kayitare akairusha peke yake nusu saa juu ya uwanja, akizunguka na kuzunguka huku wao wawili wamesimama chini shingo nyuma. Alipotua, waliiacha ipoe, wakatoa plagi, wakaingiza kamera, wakatazama zote sita. Duara ndani ya duara, mara sita. Evode akasoma ukurasa wa kitabu mstari kwa mstari, akatia saini, kisha akaandika barua kwa mkurugenzi wa kampuni, kuomba Cansilde apelekwe kufanya mtihani wa leseni. Barua hiyo aliiandika mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza aliona hajamsifu ya kutosha.

Wale wageni wanne walikuja, wamesharidhika na boti lakini bado wanaitaka ndege. Kayitare akawapandisha. Evode na Cansilde walikaa mlangoni pa banda na sahani ya sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, katikati yao, wakiisikiliza injini ikipanda, ikinyooka, ikienda upande wa ziwa bila kukohoa hata mara moja.

"Inalia vizuri," alisema Cansilde.

"Inalia vizuri," alisema Evode. Alijipangusa mafuta, akachukua kitabu kinene cha maswali ya mtihani alichokuwa amekiazima kwa ajili yake, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza. "Maswali iko mangapi?"

"Mia tatu, Muzee."

"Bon. Swali la kwanza," akasoma, na Cansilde akaanza kujibu sambaza wakiwa bado mdomoni.